Nyumba Mgongoni mwa Ngamia

Ngamia wa kwanza niliyemjua maishani alikuwa haendi popote. Alikuwa ngamia wa kinu cha simsim mtaani Langoni, Lamu, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alizibwa macho kwa kitambaa, akafungwa kwenye mti mrefu, akazunguka kinu tangu jua lichomoze hadi adhuhuri, na kwa kila mzunguko mchi ulisaga na mafuta yakatona kwenye debe. Sisi watoto tulitumwa na chupa. Tulikaa ukutani kungoja zamu, na bibi yangu alinambia kwamba mnyama yule huzibwa macho asishikwe na kisunzi. Nilikua nikiamini mambo mawili juu ya ngamia: kwamba kwetu kazi yake ni kuzunguka, na kwamba kwingine, huko kwenye picha za Bara Arabu zilizotundikwa madukani, kazi yake ni kupandwa.

Imani ya pili ilinitoka Novemba 1977, ukingoni mwa jangwa la Chalbi.

Nilikuwa na miaka 22, mwalimu mpya, nimepangiwa shule moja ya msingi magharibi mwa Marsabit. Kutoka mjini nilipanda lori la mahindi, nikakaa juu ya magunia pamoja na sanduku langu la bati. Maikona tulipita salama. Sasa Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana. Kiangazi huwa ngumu na nyeupe kwa chumvi, na dereva hukanyaga mafuta kama yuko kiwanja cha ndege. Lakini mvua ikinyesha kwenye vilima vya Huri na mlima Marsabit, maji huteremka na kutuama pale pale. Dereva wetu aliona juu pamekauka. Chini palikuwa uji. Magurudumu ya nyuma yalizama hadi ekseli. Tukachimba, tukatia mawe, tukatia matawi ya migunga ambayo tanboi aliyafuata mbali kwa miguu, na lori likazidi kukaa.

Siku ya pili jioni tuliona mstari wa ngamia unakuja. Haukupita juu ya ile sakafu nyeupe. Ulipita pembeni, kwenye mawe meusi ya volkano, polepole, kama watu wenye hakika ya waendako. Aliyetangulia alikuwa mzee mwembamba mwenye kilemba cheupe na fimbo. Alisimama mbali kidogo, akatusalimu kwa Kigabra, akiulizia amani kwanza, kama desturi ya huko, halafu akashangaza masikio yangu kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Ngamia na matope ni maadui, Mwalimu. Gari nalo limejifunza leo."

Alijuaje kwamba mimi ni mwalimu? Nilikuwa na viatu vyeusi vya ngozi na boksi la chaki. Akanieleza kwamba wayo wa ngamia ni mpana na laini, umeumbwa kwa mchanga. Penye utelezi miguu yake huteleza huku na huku, na ngamia aliyechanika msamba hainuki tena. Ndiyo maana mvua ikinyesha wao huizunguka Chalbi hata kama njia inakuwa ndefu mara mbili. Wao walikuwa wanahamia malisho mapya chini ya Huri na watapitia Kalacha. Lori, alisema, litakaa pale mpaka jua limalize kazi yake. "Lete sanduku."

Nilimwuliza nitapanda ngamia yupi. Akanijibu kwa upole kwamba mtu mzima mwenye miguu mizima hapandi. Ngamia wa Wagabra, wafugaji wa huko, ni wa maziwa na wa mizigo. Wanaopanda ni mtoto asiyeweza kutembea, mgonjwa, mzee aliyechoka kabisa, na mwanambuzi aliyezaliwa njiani. Sanduku langu lilipandishwa. Mimi nilitembea usiku mbili.

Yapata miaka hamsini imepita, na kila ninaposikia watu wetu wa pwani wakisema "safari ya ngamia" najua wanaona kile nilichokiona mimi kwenye picha za dukani: mtu juu, mnyama chini, mchanga pande zote. Katika kaskazini ya Kenya, tangu kumbukumbu za watu zianzie, safari ya ngamia ni safari ya miguu. Mwenye kutembea ni binadamu. Kinachobebwa ni nyumba.

Hilo la nyumba nililiona kwa macho yangu usiku wa kwanza. Tulitembea tangu magharibi hadi giza likawa zito, tukashusha mizigo, tukalala chini tukingoja mwezi. Ulipotoka, wanawake wawili waliamka kabla ya wote: mke wa mzee, na mke wa mwanawe aliyekuwa na mtoto wa kunyonya. Walikuwa na ngamia wanne wa mizigo, madume yaliyohasiwa. Kundi la maziwa lilikuwa limetangulia na vijana. Ngamia wa kwanza akavutwa kamba, akapiga magoti huku akinguruma kama mtu anayedai haki yake. Wanawake wale hawakumjali. Walianza na mikeka minene iliyofumwa kwa nyuzi za mkonge wa mwituni, ikakunjwa na kulazwa mbele na nyuma ya nundu, ili mti usije ukagusa mfupa. Juu ya mikeka wakafunga fito za nyumba, zile zile zilizopindwa kwa ajili ya paa, mbili huku na mbili huku, vichwa vikikutana juu. Mmoja akaweka wayo kwenye ubavu wa ngamia na kuvuta kamba kwa uzito wa mwili wake wote, mwenzake wa upande wa pili akafanya vivyo hivyo, wakivuta kwa zamu bila kusemezana. Kisha vyombo vya maziwa, ngozi za kulalia, vyombo vya maji, mawe matatu ya meko yaliyofungwa ndani ya ngozi. Juu kabisa, ndani ya tao lile la fito, akawekwa mtoto.

Mimi ni mtoto wa Lamu. Nimeona jahazi likiundwa Matondoni, nimeona mataruma yanavyosimama kabla ya mbao kupigwa. Usiku ule, chini ya mwezi, ngamia yule aliponyanyuka, nyuma kwanza kisha mbele, nilichokiona ni mataruma ya chombo. Na chombo kile kilikuwa paa la jana na paa la keshokutwa.

Nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu ndicho kiini cha jambo lenyewe na vitabu vingi vya safari vimelipita mbio. Kwa Wagabra na jirani zao Warendille, nyumba ni ya mwanamke. Yeye huifuma, huijenga, huivunja na huipakia. Mke wa mzee aliniambia, mumewe akitafsiri, kwamba baadhi ya mikeka ile ilitoka kwa mama yake alipoolewa, na kwamba baadhi imeshakwenda kwa binti yake. Msanifu na mwanahistoria Mmarekani Labelle Prussin aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake cha 1995 kuhusu usanifu wa nyumba za wahamaji wa Afrika, akionyesha jinsi mifupa ya hema na mifupa ya matandiko ya ngamia ilivyo kitu kimoja. Nilipokisoma, miaka mingi baadaye, nilikuwa kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe. Mwanamume humfuga ngamia na kumjua ukoo wake. Lakini bila mikeka na fito, ngamia ni mnyama wa maziwa tu. Anayemgeuza kuwa njia ya kusafiria ni mwanamke.

Kusini mwa jangwa, safari zetu zilikuwa za namna nyingine kabisa, na sababu yake ni nzi. Mbung'o wa mabonde ya mito na misitu ya pwani huambukiza ngamia ugonjwa unaomkondesha hadi afe. Kwa hiyo kutoka Pangani, Mombasa au Bagamoyo, bidhaa zilikwenda bara mabegani mwa watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na mpagazi anakula. Kila siku lazima apate kibaba chake, na maji yake. Ukivuka nchi yenye vijiji, chakula kinanunuliwa. Ukifika mahali pasipo shamba wala kisima, msafara unaanza kujila wenyewe: nusu ya wapagazi wanabeba chakula cha nusu nyingine. Ngamia mmoja hubeba mzigo wa watu watano, na chakula chake ni miiba anayoing'oa njiani. Anaweza kukaa siku kumi na zaidi bila kunyweshwa, halafu akanywa lita mia kwa muda wa kuchemsha chai. Nundu yake, tofauti na tulivyofundishwa tukiwa watoto, haina maji. Ni mafuta. Maji anayahifadhi kwa kutoyapoteza: joto la mwili wake hupanda mchana bila yeye kutoa jasho, na hushuka usiku.

Ndiyo maana wafanyabiashara wa pwani walifika Baringo kufuata pembe za ndovu, na wachache tu wakasogea zaidi. Kaskazini ya hapo ilikuwa milki ya misafara mingine, ya Wasomali waliotoka Barawa na Marka, wakapanda mto Juba hadi Luuq, na kutoka Luuq wakaingia nchi ya Waborana kwa ngamia. Huko msafiri hakulindwa na bunduki peke yake. Alikuwa na *abbaan*, mwenyeji wa ukoo wa mahali, aliyemdhamini kwa jina lake, na mwenye kumgusa mgeni amemgusa yeye.

Safari hizo mbili, ya bega na ya nundu, zilikutana kwa uchungu mwaka 1888. Mwaka uliotangulia kabaila Sámuel Teleki wa Hungaria na ofisa wa majini wa Austria, Ludwig von Höhnel, waliondoka Pangani na wapagazi mamia, wengi wao Waswahili wa Zanzibar na mrima. Kiongozi wao wa njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, mtu aliyewahi kufuatana na msafiri Mskoti Joseph Thomson mwaka 1883. Machi 1888 waliliona ziwa ambalo Wasamburu waliliita Basso Narok, ziwa jeusi. Teleki akalipa jina la mrithi wa kiti cha Austria, Rudolf, jina lililodumu hadi 1975 lilipoitwa Turkana. Walilifikia kwa miguu, juu ya mawe ya volkano, wamebeba frasila mbili mbili za shanga, nguo na waya. Wapagazi walikufa kwa kiu na njaa, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Nimepita kwenye mawe yale nikiwa na mgongo mtupu, sina mzigo hata wa kilo mbili, na nimewawaza watu wale wa Pangani, wanaozungumza lugha yangu, wakiyakanyaga na kilo 30 kichwani. Sijui namna ya kuwaza juu yao bila kuumia.

Walioingia kutoka upande wa pili walipita kwa wepesi. Daktari Mmarekani Arthur Donaldson Smith aliondoka Berbera, ufuoni mwa Ghuba ya Aden, mwaka 1894, akiwa na ngamia wa kukodi na watu wa Kisomali. Alifika ziwani mwaka 1895, akateremka kusini, na mwisho wa safari yake ilikuwa Lamu, kwetu. Mwaka 1896 Mwingereza Lord Delamere naye alitoka Berbera na msafara wa ngamia, akapita Marsabit na kutokea nyanda za Laikipia mwaka 1897. Ndiyo safari iliyomfanya azitamani nyanda zile. Aliyejaribu kinyume, kutoka pwani yetu kwenda juu, alikiona cha moto: Mmarekani William Astor Chanler, akiwa na von Höhnel yule yule, alianza safari upande wa Lamu mwaka 1892 na kupanda mto Tana akiwa na ngamia pia, na wanyama wake wa mizigo wakafa kwa wingi.

Sasa tazama jambo moja ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelipa uzito unaostahili. Matandiko ya ngamia wa Kisomali ni mikeka, *herio*, iliyofumwa na wanawake kwa nyuzi za magome ya mgunga, na mikeka hiyo hiyo ndiyo hufunika nyumba ya Kisomali, *aqal*. Kwa hiyo msafara wa Delamere, na bunduki zake zote na masanduku yake yote, ulifika Laikipia ukiwa umekalia kuta za nyumba za wanawake wa Berbera. Bila mikeka ile mgongo wa ngamia huchubuka kwa siku mbili, kidonda huingia funza, na mzigo hubaki njiani.

Mzee wangu wa Chalbi alikijua Kiswahili kwa sababu ya safari za namna hiyo. Katika miaka ya 1940 alikuwa kijana aliyefuata ngamia wa serikali. Waingereza walifungua kituo Marsabit mwaka 1909, chini ya ofisa aitwaye Geoffrey Archer, na kwa miaka mingi baada ya hapo Jimbo la Mpaka wa Kaskazini lilitawaliwa kwa mwendo wa ngamia, kilomita nne kwa saa. Sheria ya 1934 ilizidi kuufunga mkoa huo: mgeni hakuingia bila kibali. Mkenya wa Nyeri au wa Lamu aliihitaji karatasi hiyo kama mtu anayevuka mpaka wa nchi. Ndani ya ukuta huo wa karatasi, bwana DC, mkuu wa wilaya, alizunguka na dubas, askari wenye vilemba vyekundu, na safu ya ngamia waliobeba hema, meza, viti, masanduku ya faili na mapipa ya maji.

Mzee alikumbuka saa za mwendo. Waliamshwa saa nane za usiku, wakapakia kwa taa ya kandili, wakatembea mpaka saa tatu za asubuhi, kisha kambi, na ngamia wakaachiwa kula. Mchana mtu hatembezi ngamia mwenye mzigo ila ana wazimu au anafukuzwa. Mabwana wengine walipanda nyumbu, wengine walitembea, na aliowaheshimu ni waliotembea. Kinyongo chake kimoja kilikuwa juu ya visima. Kisimani kuna zamu, na zamu ina mwenyewe. Waborana humwita *aba herega*, naye hupanga kundi la leo na la kesho, na mwenye ngamia mia hungoja kama mwenye ngamia mmoja. Ofisa mmoja, ambaye sikumwuliza jina, aliamuru ngamia wa serikali wanyweshwe kwanza. Mzee alisema hakuwahi kuona aibu kama ile siku ile, kushusha ndoo huku watu waliokesha wakimtazama. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita na bado aliishusha sauti alipoisimulia.

Mke wa ofisa mmoja mashuhuri wa jimbo lile, Alys Reece, aliandika kitabu juu ya maisha yake huko, kikachapishwa mwaka 1963, na jina lake latosha kueleza: *To My Wife, 50 Camels*. Nakitaja kwa heshima. Mwanamke aliyehamisha nyumba na watoto kwa ngamia ana haki ya kuandika kitabu. Nilichokitamani ni cha pili yake, cha yule niliyemwona akivuta kamba kwa wayo. Yeye alihama mara nyingi kuliko ambavyo angeweza kuhesabu, na hakuna karatasi hata moja yenye jina lake.

Usiku wa pili ndio uliokuwa mrefu. Nilikuwa nimevua viatu na kuvaa makubazi ya tairi aliyonipa mwana wa mzee. Ngamia wanne walifungwa kwa mstari, kamba ya mdomo wa wa nyuma kwenye mkia wa wa mbele, na shingoni mwao kengele za mti zikigonga taratibu. Kengele hizo hazikufungwa kwa mapambo: usiku ukisikia mlio mmoja umekosekana, unajua kamba imekatika. Mzee hakuwa na taa. Alinionyesha Kilimia, ambayo Waborana huiita Busan, na kuniambia kwamba nyota hizo pamoja na mwezi ndizo zinazopanga siku za mwaka wao, na kwamba miaka ya Wagabra hupewa majina ya siku za juma, mwaka wa Ijumaa, mwaka wa Jumamosi, mpaka juma liishe na kuanza tena. Aliweza kuhesabu nyuma, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka ukame aliousimuliwa na babu yake. Mimi niliyetoka chuo cha ualimu sikuweza kumwambia babu yangu alizaliwa mwaka gani.

Kati ya usiku alinipa maziwa kutoka kwenye chombo cha kufuma kilichofukizwa moshi. Yalikuwa machachu, mazito, yana harufu ya mkaa. Niliyanywa nimesimama, kwa kuwa ngamia hawangojei mtu. Mtoto aliyekuwa juu alilala usiku kucha, kichwa kikiyumba na mwendo, na mama yake akitembea ubavuni kila mara alinyanyua mkono kugusa fito bila kutazama, kama mtu anayegusa mlango wake kuona kama umefungwa.

Njia ile ilikuwa imeshaanza kufa wakati ule, ingawa mimi niliiona kuwa ya milele. Vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, viliwakusanya watu vijijini chini ya ulinzi na kuwanyang'anya mifugo, hasa upande wa Isiolo na Garissa. Wengi hawakupata tena ngamia wa kuhamia. Misheni zilikuwa zimejengwa Maikona na North Horr, na penye misheni pana zahanati, shule na unga, kwa hiyo wazee na watoto wakabaki hapo huku vijana wakifuata mifugo. Mtu asiyehama hahitaji nyumba inayokunjwa. Mabati yakaingia, na turubai la plastiki likachukua mahali pa mkeka uliofumwa kwa miezi. Mimi mwenyewe, kwa kufungua daftari la mahudhurio kila asubuhi, nilikuwa sehemu ya kilichowafunga watu mahali pamoja. Sijutii kufundisha. Nasema tu kilichotokea.

Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilipokamilika katikati ya miaka ya 2010, nilipanda basi kwenda Marsabit kuona. Safari iliyokuwa ya siku kadhaa juu ya magunia ilikwisha kwa mchana mmoja. Njiani tulipishana na malori, na juu ya malori walikuwa wamesimama ngamia, shingo nje, wakipelekwa sokoni. Isiolo niliwaona wanawake wakipakia madumu ya maziwa ya ngamia kwenye basi la kwenda Nairobi, Eastleigh. Nilisimama nikawatazama muda mrefu jinsi walivyofunga madumu yale kwa kamba ndani ya buti, mmoja akivuta huku, mwenzake kule.

Na ngamia wa mizigo hajatoweka kabisa. Mwaka 1996 idara ya maktaba ya taifa ilianza Garissa huduma ya vitabu kwa ngamia watatu: mmoja na masanduku ya vitabu, mwingine na hema, wa tatu na vilivyosalia. Niliposikia habari hiyo redioni, nikiwa mwalimu mkuu wakati huo, nililikumbuka sanduku langu la bati. Ndani yake mlikuwa na vitabu ishirini na kimoja vya kusoma vya darasa la tatu.

Tuliingia Kalacha jua likichomoza, kwenye mikoma na maji ya chemchemi. Ngamia wakapigishwa magoti. Mke wa mzee hakupumzika. Alifungua kamba kwa mpangilio uliopindua ule wa kufunga, akachimba vishimo kwa kijiti, akasimamisha fito, akazifunga vichwa, akalaza mikeka. Hazikupita saa tatu, palikuwa na nyumba. Alinikaribisha ndani nikanywe chai. Nilikaa juu ya ngozi, kwenye kivuli, miguu ikiwaka moto, na nilipoinua macho nikauona ufito ule ule aliokuwa akiugusa mkwewe usiku kucha, sasa umekuwa paa. Katikati yake palikuwa pameng'ara na kuingia ndani, mahali kamba ilipousugua miaka na miaka.

Mama yule alimnong'onezea mumewe jambo huku akinitazama. Mzee akatafsiri.

"Anauliza, kwenu pwani mtu akihama, nyumba inakwenda naye?"

Nikasema hapana. Nyumba zetu ni za mawe na chokaa. Mtu akihama, nyumba inabaki.

Akasikiliza tafsiri, akakoroga chai, akafikiri. Kisha akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgeni:

"Na yule aliyekwenda, analala wapi?"